Siku Tuliyogawana Wiki Kiwandani

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Naitwa Neema, nasali hapa hapa Area D, na leo siwezi kukaa kimya.

Mimi ni afisa utumishi katika kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, nje kidogo ya mji. Msimu uliopita mashine yetu kubwa iliungua katikati ya mavuno, ikabaki ile ndogo. Mkurugenzi akaniita, akasema kazi iliyobaki inatosha nusu ya watu tu, kwa hiyo nichague wa kuondoka.

Nilifika nyumbani nikashindwa kula. Ningemwondoa nani? Wote niliwasaili mwenyewe, nikawapa mkono siku ya kwanza. Nao walishasikia fununu: wengine wakaacha kuja, wengine wakawa wanagombana kazini, hata mafuta tuliyokamua yakatoka na mashapo, wateja wakaanza kutukimbia. Nikapiga magoti nikasema, Bwana, mimi nimeshindwa. Moyoni likaja neno moja tu: waambie ukweli.

Nikamwomba mkurugenzi niongee na wafanyakazi wote kabla sijachagua. Alihofia wangegoma, lakini akakubali. Ndugu zangu, nilisimama mbele yao, nikawaeleza kila kitu. Ndipo akasimama mama Sechelela wa kufungasha, mzaliwa wa kijiji cha Gulwe.

"Mwanangu, usimfukuze mtu," akasema. "Tugawane wiki. Mimi nije mwanzoni, mwenzangu amalizie."

Nikamuuliza kama ataweza kuishi kwa nusu mshahara.

"Tutabanana hivyo hivyo. Na wewe je, utagawana na nani?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Nikasema nami nikatwe nusu. Mkurugenzi alikuwa mlangoni. Akanyoosha mkono, akasema na yeye yumo.

Aleluya! Tangu siku hiyo hakuna aliyekosa zamu. Watu walikuja wamepumzika, wakapokezana mashine ile ndogo wakiimba, mafuta yakatoka safi, na wateja waliotukimbia wakarudi. Mashine kubwa ilipotengenezwa, wote walirejea wiki nzima na mshahara kamili. Siku ya kuiwasha tulicheza hadi mkurugenzi akavua koti!

Namshukuru Mungu aliyeniondolea mzigo ule. Ndugu yangu, kama na wewe umeshika hatima ya watu mkononi na usingizi umekukimbia, mkabidhi Bwana hofu yako. Kisha inuka, nenda ukaongee nao. Atakuwa ameshakutangulia.