Herufi Mbili za Bwana Kwa Nini

Wasikilizaji wapendwa, kuna kiti cha plastiki katika ofisi moja ambacho leo hakina mtu wa kukiburuta. Ni kiti cha Bwana Kwa Nini, mpimaji wa programu za simu. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Kazi yake ilikuwa kupima programu zinazojifunza tabia za mtu na kujibadilisha zenyewe. Aliburuta kiti hicho, akakaa kando ya mtumiaji, akamtazama kidole. Kidole kikisita, anauliza, "Kwa nini?" Jina likamganda.

Mafundi walijitapa: "Mzee, inapatia mara tisa kwa kumi!"

"Na hiyo ya kumi mmemuuliza mtumiaji mwenyewe, au mmeuliza kioo cha simu?"

Miaka minne iliyopita alifiwa na mkewe. Nyumba ikabaki na yeye na redio. Binti yake wa pekee, anayeishi mbali, alimwandikia kila siku: "Baba, umekula?" Akajibu: "Nimekula." Simu ikajifunza. Siku moja mkono ukarudia mazoea ya zamani, akaandika "Tumekula". Simu ikafuta, ikaweka "Nimekula". Haikumuuliza.

"Alinipigia akifoka kama kaibiwa," anasimulia binti. "'Mwanangu, hii simu imemfuta mama yako!' Nikamwambia, Baba, si herufi mbili tu? Akakata simu."

Kesho yake akaandika ripoti. Nimeisoma kwa macho yangu: "Programu iko sahihi. Mtumiaji ameumia." Akadai programu iulize kabla ya kubadilisha neno la mtu. Wakubwa wakacheka: mtumiaji mmoja si kipimo.

Nasema bila kumung'unya maneno: huyo mmoja ndiye kipimo!

Hakubishana tena. Kila siku aliandika "Tumekula". Simu inasahihisha, yeye anafuta, anaandika upya. Tumekula. Tumelala. Tumeamka. Mtu mmoja, nyumba kimya, herufi mbili.

Jumanne hiyo binti alisafiri hadi nyumbani, akashika simu ya baba yake kuwaarifu ndugu. Akaandika: "Nimefiwa na baba." Simu ikafuta neno la kwanza. Ikaweka "Tumefiwa".

"Sikulirekebisha," anasema. "Niliketi kwenye kiti chake pale nyumbani, nikalia."

Wasikilizaji wapendwa, yupo mtu unayemjua anayekula peke yake. Ukimsikia anasema "sisi", usimsahihishe. Vuta kiti, ukae naye.

Nawe dada, binti yake, popote unapotusikia, pokea pole zetu. Safari hii simu imepatia. Tumefiwa.