Injini ya Oiva na Birika la Ng'ambo

Benchi letu limo ndani ya kituo cha mafuta cha Lahdenkylä, kijiji cha nchi za baridi, chini ya dirisha linalotazama ziwa. Mwisho wa Machi, saa nne asubuhi, jua huipiga barafu mpaka ng'ambo ikaonekana imenyanyuka kidogo na kuelea, na mtu mwenye kikombe cha kahawa mkononi husahau alichotaka kusema. Hapo hukaa Taavi Turunen, fundi wa magari, tunayemwita Spana. Ensio Pyykkö, aliyegawa barua miaka thelathini na sita, tunayemwita Posta. Na Oiva Heiskanen (si Heikkinen, kama lilivyokosea gazeti la wilaya), tunayemwita Askofu, kwa kuwa hatukani hata nyundo ikimpiga kidoleni. Mimi hukaa pembeni, karibu na birika.

Jumanne ile tulikuwa bado tunabishana juu ya gari la Askofu, Datsun ya mwaka 1974. Injini ilikuwa imechoka. Ilikunywa oili kama petroli, na moshi wake wa buluu ulibaki juu ya barafu muda mrefu baada ya gari lenyewe kutoweka. Spana alitoa njia mbili. Kuifumua, kuchonga silinda, kutia pistoni na ringi mpya: wiki tano, kwa kungoja vipuri. Au kuing'oa na kuweka nyingine iliyolala ghalani kwake: siku moja.

Wiki tano hazikuwapo. Gari huvuka ziwa kwa barabara ya barafu, juu ya maji yaliyoganda, na barabara hiyo ilikaribia kufungwa. Ikishafungwa, barafu haibebi gari wala haipishi mashua mpaka katikati ya Mei. Na ng'ambo anaishi Armas, kaka yake Askofu, miaka themanini na saba, asiyeona, aliyeikataa simu tangu wauza magazeti walipoanza kumpigia. Kila Jumapili saa tano Askofu huvuka kumtembelea, na kila Jumapili hukuta kahawa inachemka. Sote tulijua kwa nini: sauti husafiri mbali juu ya barafu, naye Armas huisikia injini ya mdogo wake ikiwa bado katikati ya ziwa.

— Badilisha, Askofu, alisema Spana. Kipya kinyemi.

— Kipya gani? alisema Posta. Hiyo yako ilikuwa ya mwalimu wa Joensuu, kila kiangazi anaipeleka Sweden kwa meli. Chuma kina kumbukumbu, bwana. Utaikanyaga iende kwa Armas, yenyewe inakata kushoto inatafuta meli.

— Na hii ya zamani inakumbuka nini? Moshi?

— Hii inaota.

Posta alieleza bila haraka. Majira ya baridi ishirini na manne Askofu ameichomekea waya wa joto usiku kucha, isigande. Kitu kinacholala na joto tumboni, alisema, lazima kiote. Ukikifumua, ndoto zote zitamwagika sakafuni, na Spana atazifuta kwa matambara.

— Mchumia juani hulia kivulini, alijibu Spana, na hakuna aliyejua anamlenga nani.

Kisha Spana naye akapanda juu zaidi kwa maneno. Injini haina sauti yoyote, alisema. Kinacholia ni ziwa. Gari hulikuna tu, kama kidole juu ya ukingo wa glasi. Kwa hiyo injini yoyote itafaa. Posta alikubali papo hapo, ila akaonya kwamba kwa injini ya mwalimu ziwa litaimba Kiswidi, na Armas Kiswidi hakijui.

Tulicheka kidogo. Askofu alikuwa anatazama nje.

— Naogopa hatanijua, alisema. Hilo tu. Nifike mlangoni kwa kaka yangu kama mgeni, na meko baridi.

Hapo aliingia Marketta Ihalainen, mpimaji mpya wa barafu wa barabara ile, akiwa na keekee yake ndefu ya kutobolea barafu begani. Alianza kujaza chupa yake ya chai; maneno yetu alikuwa ameyasikia toka mlangoni.

— Huyo mzee mwenyewe mmemuuliza?

Tangu Krismasi tulikuwa tumeulizana sisi kwa sisi.

— Naenda kupima upande ule, alimwambia Askofu. Twende, mzee.

Gari lake la dizeli likashuka ziwani, likawa dogo, likanyanyuka na kuelea pamoja na ng'ambo, halafu halikuonekana.

Walirudi saa saba. Askofu alikaa bila kuvua kofia.

— Birika lilikuwa linachemka, alisema. Vikombe viwili mezani.

— Leo Jumanne, alisema Posta. Na injini ya watu.

— Nikamwambia, kaka, umejuaje? Akasema hakujua. Injini haisikii tena, masikio yake hayashiki cha mbali tangu mwaka juzi. Birika huliweka kila siku saa tano. Kila siku, Ensio, vikombe viwili.

— Na siku usipokwenda?

— Huninywea changu, kikishapoa.

Spana alinyoosha mkono kulichukua birika letu. Lilikuwa tupu, na hakuna aliyeinuka kulijaza.

— Taavi, alisema Askofu, naye hutumia majina yetu mara chache, weka hiyo ya ghalani leo. Hii ya zamani utaifumua kiangazi, polepole. Usimwage kitu.

— Ikikata kushoto je? aliuliza Posta, kwa sauti ya chini.

— Nitairudisha. Binti yangu, barafu ina siku ngapi?

Marketta alifungua daftari lake, akatazama ziwa, kisha daftari tena.

— Kumi na moja. Nikikudanganya, kumi na mbili.

— Usinidanganye, alisema Askofu, akavaa glavu. Kumi na moja zinatosha. Kuanzia kesho, kila siku saa tano.