Matunguu ya Sheikha

Kijiwe chenyewe ni benchi la council mbele ya duka la dobi, pale Hayes, kwa Waingereza, na kahawa hutoka kwenye chupa ya Msabaha. Tangu mkewe Sheikha afariki mwezi wa Februari, Msabaha huwahi benchini kabla ya wenzake wote, maana nyumbani hakuna wa kumuuliza kaamkaje. Leo, Agosti inakwisha, kaja na mfuko wa karatasi. Ndani mna matunguu sita ya maua ambayo Sheikha aliyapanda kwenye makopo dirishani, yale yanayochanua Oktoba, wakati miti ya mtaani inapukutika. Alhamisi anaruka kwenda Pemba, akayapande mbele ya nyumba yao ya Wete. Waliijenga kwa overtime za miaka ishirini, na hawajalala humo hata siku moja.

—Yanataka baridi, bhai. Tia ndani ya fridge wiki sita, halafu panda.

Huyo ni Alnashir wa Mombasa. Aliwahi kuuza dawa, basi mpaka leo anamtibu kila apitaye. Kijiweni anaitwa Dokta.

—Na stima ikipotea? Njenga, dereva wa mabasi ya airport, akadakia. Yeye wanamwita Terminal. —Mzee, mwagia barafu kila asubuhi. Yatadhani bado yako Hayes.

—Barafu, Wete! Watu watasema mie nimerukwa na akili, akasema Msabaha.

—Wacha waseme, akasema Njenga. Hayo yamezaliwa hapa, yako na passport. Yatafuata saa za hapa.

—Basi yawekee redio ya Kiingereza! Dokta akashindilia. —Yakisikia weather forecast tu, yenyewe yatachanua!

Wakacheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Msabaha naye akacheka, na akashangaa kuisikia sauti yake.

Mwisho wa benchi alikaa dada mmoja mwenye sare ya nesi, akisubiri basi. Akageuka.

—Shikamooni, wazee. Naitwa Zipporah. Samahani, nimesikia Kiswahili. Sasa hayo maua yakitoka, nani atakuwa huko ayaone?

Njenga akaishika chupa ya kahawa, asimimine. Likizo ya Msabaha ni wiki mbili tu. Mlango wa Wete una kufuli, na ndugu zake waliobaki kule wamo makaburini. Msabaha akaukunja mdomo wa mfuko, taratibu, akaupakata.

—Kahawa imekwisha, akasema, na chupa ilikuwa bado nzito mkononi mwa Njenga.