Mama Laurentine na Kiti Kisichokaliwa

Ijumaa ya tarehe 30 Septemba 1977, Mama Laurentine Kavira anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu ya samani hapa Bwera kwa miaka kumi na sita. Aliingia mwaka 1961 akiwa msukaji wa viti, na anaondoka akiwa msimamizi wa samani za kale. Wasifu huu umeandikwa na karani wa ofisi, ambaye ameagizwa aandike ukweli mtupu. Amejitahidi. Tarehe zote amezihakiki mara mbili.

Mama Laurentine ni mzaliwa wa Butembo, Kongo. Alipovuka mpaka, ua wetu ulikuwa umejaa vitu vya watu waliohama Kongo: makabati yenye vioo, vitanda vya shaba, saa za ukutani zisizo na mishale. Wengine waliona kuni. Yeye aliona maswali. Kabla ya kushika msasa, alivuta kila droo, akachungulia ndani, akanusa mbao. "Weye ulikuwa ya nani?" aliliuliza kabati, na mafundi wakacheka. Lakini katika droo hizo alikuta rozari, ripoti ya shule ya Beni, na jino la mtoto lililofungwa kwenye karatasi. Mwaka 1966 alikuta picha ya bibi harusi, akaulizauliza kila msafiri hadi ikamfikia mwenyewe kule Katunguru.

Tukio ambalo halitasahaulika ni maonyesho ya samani na mapambo ya nyumba yaliyofanyika Kasese, Agosti 1973. Siku hizo kila mtu alitaka makochi ya sponji, na kazi yetu ilikuwa imepungua. Meneja Kosiya alitangaza waziwazi: tusipopata maagizo kwenye maonyesho, karakana ya Bwera itafungwa na wafanyakazi wote kumi na mmoja watarudi nyumbani.

Simu ya waandaaji ilipokewa na karani. Laini ilikuwa inakwaruza. Aliandika kwa mwandiko mzuri: "Leteni samani za zamani." Basi makochi yetu sita mapya yakabaki Bwera, na lori likapakia vitu vya Mama Laurentine. Njia nzima karani alishikilia kioo cha kabati kwa mikono miwili. Hata lori liliposimama Kinyamaseke hakushuka kunywa chai.

Kasese, mabanda yote yaling'aa kwa fomika. Badiru, muuza makochi wa banda la jirani, alitazama lori letu likishushwa.

"Mama, hapa ni maonyesho ama kambi ya wakimbizi?" alipaza sauti. "Hata panya imehama hiyo kabati!"

"Panya ilihamia kwa sponji yako," Mama alimjibu bila kugeuka. "Kule kuko laini."

Siku ya pili ikafika barua ya waandaaji, iliyochelewa posta. Ilisema: "samani za thamani." Kwa midomo yetu ya mpakani, thamani na zamani ni mapacha, lakini karani amesoma na alipaswa kuuliza tena. Alimsomea Mama barua, akasema ataandika barua ya kujiuzulu. Mama aliichukua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaisukuma chini ya mguu wa kabati lililokuwa likiyumba.

"Sasa iko na kazi," alisema. "Lete maji, tupanguse vioo."

Kisha akabandua vibandiko vyote vya majina. Kila aliyepita aliulizwa: hiki ni cha nini? Meza ya kunawia yenye marumaru, wengine walisema ni altare, wengine bucha. Alipindua kiti, akawaalika watu watafute msumari. Walitafuta kwa vidole, wakabisha, wasiuone hata mmoja. Banda letu lilijaa kuliko mengine. Hata hivyo, kushangaa si kuagiza. Hadi mchana wa siku ya tatu, ambayo ilikuwa ya mwisho, hakuna aliyeagiza hata kigoda.

Saa nane akaingia afande mmoja mkubwa na askari wanne. Alisimama mbele ya kiti kifupi chenye egemeo refu, akageuka ili akae. Mama akanyoosha mkono.

"Hapana, afande. Hiyo haikaliwi."

Hata kwenye banda la Badiru watu waligeuka kutazama.

"Kazi yake nini?"

"Ya kupiga magoti."

"Nani anapiga magoti?"

"Mutu yote mwenye iko na neno ya kuambia Mungu, afande. Hata mukubwa."

Wakati huo karani alikuwa nyuma ya kabati. Afande alikizunguka kiti. Alibonyeza kwa kidole gumba ule ubao wa chini wa kupigia magoti, akavua kofia.

"Mama yangu anasali kwa simenti," alisema polepole. "Magoti inavimba. Tengeneza moja. Weka mto." Akatazama watu waliokuwa wakimtazama. "Na hiyo kabati, iko mbili?"

"Iko moja, afande. Lakini mikono iko mingi."

Alipoondoka, watu walipanga mstari. Hadi jioni tulikuwa na maagizo kumi na tisa: viti vya parokia, meza ya kunawia ya mwalimu wa Kitswamba, na viti viwili ambavyo Badiru aliwaagizia wakwe zake kwa sauti ya chini sana. Karakana haikufungwa. Meneja aliipongeza ofisi kwa wazo zuri la kupeleka vitu vya zamani. Karani alimtazama Mama. Mama alitazama dari. Ameitunza siri hiyo miaka minne, na leo imeandikwa hapa kwa ruhusa yake.

Tangu hapo Mama Laurentine amefundisha wasukaji tisa, akiwamo Sophie anayechukua nafasi yake. Hajawahi kumpigia kelele mwanafunzi, humwuliza tu, "Uzi hii inaenda wapi?", naye huona mwenyewe alipokosea.

Kamati ya zawadi ilipomwuliza anataka nini, tulitarajia aseme redio. Alisema anataka kiti. Ndipo tulipotazama na kuona aibu: msukaji wa viti amefanya kazi miaka yote hii akiwa amekalia sanduku la sabuni.

Basi sisi wenzake kumi, ambao tungerudi nyumbani pamoja naye mwaka ule, tumemsukia kiti cha henzirani, kila mmoja mistari yake. Upande wa kushoto umelegea kidogo; huo ni wa karani. Tunakuomba, Mama, usiufumue.

Asante kwa kazi, na kwa maswali. Mungu akupe afya, wageni wenye habari nyingi, na siku ndefu za kupumzika. Karibu ukae.