Moyo Upande wa Kulia: Maisha ya Mwalimu Yai

Waombolezaji wenzetu, majirani, walimu, wanafunzi wa zamani na wa sasa, nanyi mliosafiri kutoka mbali mkafika hapa bila hata kupata lepe la usingizi, familia imenituma mimi, mdogo wake wa kike anayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, nisimame mbele yenu nisome maisha ya kaka yetu, na kamati ya mazishi imeniomba niwe mfupi, nisitumie maneno makali, na nisimguse mtu. Ufupi nitajitahidi. Hayo mengine mawili siyawezi, na kaka yangu angekuwa hai angenicheka kama ningejifanya nayaweza.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Yai, alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni alikokuwa akifanya kazi baba yetu, akiwa mtoto wa pili kati ya watano na wa kwanza wa kiume. Hakulia mara moja, mkunga akamwekea sikio kifuani upande wa kushoto, hakusikia kitu, akatikisa kichwa, mama akamnyang'anya mtoto akamkumbatia, na hapo ndipo alipouhisi moyo wa mwanawe ukipiga upande wa kulia, ukipiga sawasawa, bila wasiwasi wowote.

Watu hawakukawia kutafuta wa kumlaumu, na kama kawaida yao wakamkuta mama. Walisema alilala vibaya akiwa mjamzito, walisema alibeba ndoo kwa mkono mmoja, walisema alimcheka mlemavu njiani, na mama yetu aliishi na maneno hayo kwa miaka ishirini na minne, akiinamisha kichwa kila yalipotajwa, mpaka mwanawe alipomaliza chuo kikuu, akarudi nyumbani, akamketisha jikoni, akamweleza kwamba jambo lile lilikwisha kuamuliwa tumboni katika wiki ya tatu, kabla hajajua hata kama ana mimba, na kwamba hakuna usingizi wala ndoo iliyohusika. Mama alilia siku ile, nami nilikuwepo, na mpaka leo sijawasamehe waliomtwisha mwanamke yule aibu isiyokuwa yake.

Marehemu alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, na sekondari kuanzia 1975 hadi 1980, shule ya bweni, alikopewa jina la Bomba kwa sababu pua yake haikukauka mwaka mzima na kifua chake hakikuacha kukohoa, akawa anaketishwa dirishani peke yake kana kwamba anaambukiza, ilhali hakuwahi kumwambukiza mtu chochote isipokuwa tabia ya kuuliza maswali. Mwaka 1982 alijiunga na chuo kikuu kusomea biolojia, na katika mwaka wake wa pili profesa wao mzee alikata kidirisha kwenye ganda la yai lililoatamiwa siku tatu, akawaita wanafunzi mmoja mmoja wachungulie kwenye hadubini, wakaona doa jekundu linadunda, wakaona mrija wa moyo ulivyojikunja kuelekea kulia kama unavyojikunja kwa kuku wote na kwa watu karibu wote. Kaka aliinua mkono akauliza, "Na wangu je?" Darasa likaangua kicheko, profesa hakucheka, akampeleka yeye mwenyewe kwa daktari wa chuo, na huko ikathibitishwa kwamba moyo wake uko kulia, ini liko kushoto, na kila kilichomo tumboni mwake kimegeuka kama unavyokiona kwenye kioo, kidole tumbo nacho kikiwa kushoto, na kwamba hana ugonjwa wa moyo wala wa ini. Ninaomba hilo la kidole tumbo mlishike.

Baada ya kuhitimu mwaka 1985 alifundisha chuo cha ualimu kuanzia 1986 hadi 1993, kisha akarudi chuo kikuu tarehe 3 Januari 1994 kuwa mhadhiri wa somo la namna viumbe wanavyojijenga, akabaki huko mpaka alipostaafu mwaka 2021, katika kile chumba cha mwisho wa korido ya chini, chenye harufu ya spiriti na manyoya, chenye mashine ya kuatamia mayai ambayo mlango wake aliufunga kwa mpira wa baiskeli kwa sababu maombi yake ya mlango mpya hayakuwahi kujibiwa. Hapo ndipo vizazi vya wanafunzi vilipoingia vikikunja pua na kutoka vikiwa vimekodoa macho.

Aliwafundisha kwamba tumboni hakuna msimamizi anayezunguka akitoa amri, bali kuna seli zinazosikilizana: moja inatoa protini, protini inafika kwa jirani, inakaa kwenye kipokezi kilichopo juu ya utando wake, kipokezi kinaamsha protini ya ndani, hiyo inaamsha nyingine, na nyingine tena, mpaka habari inafika kwenye kiini, jeni fulani ikawashwa au ikazimwa, na seli iliyoipata habari ikiwa na nguvu inakuwa kitu kimoja, ile iliyoipata ikiwa imefifia inakuwa kitu kingine, ndiyo maana upande mmoja wa kiganja una kidole gumba na upande wa pili kidole cha mwisho, na ndiyo maana seli zilizokuwa katikati ya vidole huambiwa zife, zikafa, nasi tukapata vidole badala ya mguu wa bata. Yeye alipenda zaidi habari ya kushoto na kulia, kwa kuwa ilimhusu: kwenye kiinitete kuna kishimo kidogo, seli zake zimeota vinyweleo, vinyweleo vinazunguka na kusukuma majimaji kuelekea kushoto, na msukumo huo ndio unaoziamsha seli za kushoto zianze kupeana habari ya wapi moyo ukae. Vya kwake havikuzunguka, upande ukaamuliwa kwa bahati nasibu, bahati ikaangukia kulia, na kwa kuwa vinyweleo vya jamii hiyohiyo ndivyo vinavyofagia makohozi puani na kifuani, Bomba wa bweni naye akapata maelezo yake.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988 na wifi yangu huyu mnayemwona hapa, wakati huo karani wa posta, ambaye hutusimulia hadi leo kwamba usiku wa kwanza alilaza kichwa kwenye kifua cha mumewe upande wa kushoto, hakusikia kitu, akaruka kitandani akidhani ameshakuwa mjane kabla maua hayajanyauka. Walipendana, walitaniana, na kwa miaka tisa hawakupata mtoto. Shangazi zetu mko hapa, mnajua mlichokifanya, mlikuja mkajaa sebuleni kwao na msichana mliyemchagua, mkamtaka kaka aoe mke wa pili kwa sababu huyu wa kwanza, nanukuu, ni gunzi lisilo na punje, naye alikuwa jikoni akiwachemshia chai na akisikia kila neno. Kaka alisimama mbele yenu akasema kwamba mkia wa mbegu ya mwanamume umeundwa kama vile vinyweleo, kwamba vyake havizunguki na mikia ya mbegu zake haiogelei, ameshapimwa na ameshaambiwa, na kwamba kama kuna mtu wa kulaumiwa humu ndani basi ni yeye, "na chai ya mke wangu mkishainywa, njia mnaijua." Wanaume wangapi mnaowafahamu wangeliweza kusema hivyo mbele ya shangazi zao?

Karatasi niliyoletewa jana na kamati imeandikwa kwamba marehemu hakujaaliwa mtoto. Huo ni uongo, na aliyeuandika ameuandika huku akila chakula kilichopikwa na mtoto wa marehemu. Mwalimu Yai alikuwa na watoto wawili, binti aliyemchukua mwaka 1998 akiwa na umri wa miaka mitatu, ambaye leo ni fundi wa umeme, na mtoto wa kiume aliyemchukua mwaka 2001 akiwa mchanga wa wiki sita, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu, aliwaogesha, aliwafundisha kusoma, alikesha nao walipougua surua, na hao ndio watakaotangulia kuweka udongo leo, anayeona vibaya ageuze uso.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, na hapa ndipo nilipoombwa nisome kwamba marehemu aliugua ghafla na akachelewa kupata matibabu. Jumapili tarehe 13 Agosti 2023, asubuhi, marehemu aliamka na maumivu kwenye kitovu, kufikia mchana maumivu yakashuka chini ya tumbo upande wa kushoto, homa ikaanza, akamwambia mkewe kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama watoto, hiki ni kidole tumbo, chukua mtandio twende," na saa kumi na moja jioni walikuwa mapokezi. Alimweleza daktari wa zamu kila kitu nilichowaeleza ninyi hapa, kwa ufupi zaidi na kwa adabu zaidi. Daktari alimsikiliza huku akiandika mambo mengine, akamwambia kidole tumbo kiko kulia, mzee, maumivu ya kushoto ni choo kigumu, akampa dawa ya kulainisha. Kaka aliomba kalamu ya mkewe, akainua shati, akachora mshale tumboni pake akaandika HAPA, na muuguzi aliyekuja kumchoma sindano akafuta maandishi yale kwa pamba na spiriti, akamwambia asichezeechezee ngozi.

Jumatatu ilipita hivyo, kaka akiwa kwenye kitanda cha korido, amekunja magoti, akiomba mara kwa mara kwamba wampige picha ya kifua waone wenyewe. Jumanne walimpiga. Mimi na wifi tulikuwa tumesimama mlangoni wakati daktari mkubwa wa wodi alipoingia, akaitazama ile picha kwenye taa, akauona moyo uko kulia, nikasema moyoni afadhali, hatimaye tumefika. Yule bwana akaguna, akasema vijana wa picha siku hizi hawajui hata kuweka alama, akaitoa ile picha, akaigeuza, akaibandika upya kinyumenyume, moyo ukahamia kushoto, akasema, "Sasa iko sawa." Wifi yangu akasema, "Daktari, ilikuwa sawa mwanzo," akajibiwa, "Mama, tuachie kazi yetu." Karibu miaka thelathini kaka yangu alifundisha jinsi chembe isiyoonekana kwa macho inavyoweza kupokea habari kutoka kwa jirani yake na kuifanyia kazi, na watu wenye masikio mawili wakashindwa.

Jumatano tarehe 16 Agosti, tumbo likiwa limekuwa gumu kama meza, aliitwa daktari wa upasuaji kutoka hospitali nyingine, naye alifanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya, alimwuliza mgonjwa inauma wapi, kisha akaweka mkono pale alipoambiwa. Alimwingiza chumba cha upasuaji saa hiyohiyo, akatoka baada ya saa tatu, akavua kofia yake, akatuambia, "Kilikuwa kushoto kama alivyosema, na kilikuwa kimepasuka kabla ya jana. Waliochelewa ni sisi, si ninyi." Marehemu hakuzinduka vizuri, aliushika mkono wa mkewe, aliwatambua watoto wake, na Alhamisi tarehe 17 Agosti 2023, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, ameacha mjane mmoja, watoto wawili, mjukuu mmoja na ndugu wanne.

Familia inawashukuru majirani mliotupikia, mkatupa viti na mkalala nje ili wageni walale ndani, inawashukuru walimu na wafanyakazi wa chuo, na wanafunzi wake mliojaa mpaka barabarani. Katika madaktari, familia inamshukuru mmoja, yule wa upasuaji, kwa mikono yake na kwa kinywa chake. Wawakilishi wa hospitali mliokaa mstari wa tatu, shada lenu tumelipokea na litawekwa pamoja na mengine, maana hatukulelewa kumfukuza mtu msibani, lakini shukrani mliyoitarajia haipo, na cheti mlichotukabidhi, kilichoandikwa kwamba mgonjwa alichelewa kufika, tunakirudisha kesho asubuhi, mimi na wifi na watoto wote wawili, na hatutaondoka kwenye benchi lenu mpaka neno hilo lifutwe, kwa sababu hatutakubali mtu aliyekuja kwa miguu yake akasema ukweli akumbukwe kama mzembe.

Tarehe 13 Agosti, saa kumi na moja jioni, kaka yetu alikuwa ameshafika. Apumzike kwa amani.