Kipande Ambacho Hakijasomwa

Leo, Jumapili ya tarehe 30 Juni, mratibu wa masomo ya ibada katika kanisa letu anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Sisi wa ofisini tunamwita Mama Mkasi, naye huitika bila kununa.

Alipoanza kazi, somo lilisomwa na mzee mmoja wa kanisa, kwa sauti ile ile kila wiki, na nusu ya waumini walikuwa wakisinzia. Mama alitoa nakala ya somo, akaikata vipande kwa mkasi, akampa kila msomaji mistari yake tu. Mmoja alisimama mlangoni, mwingine kwenye ngazi za kwaya, mwingine katikati ya watu. Sharti lake ni moja na halina mjadala: hakuna kusoma kipande cha mwenzako.

Habari ya mnara wa Babeli ilisomwa na watu tisa kwa pamoja, kila mmoja kwa lugha ya kwao, mpaka mchungaji akaziba masikio. Ya Yona ilisomwa kutoka ndani ya kabati la majoho. Kufuli likagoma, na Yona wetu akasikiliza mahubiri yote humo humo, akigonga. Ijumaa Kuu, fundi seremala alipigilia misumari mitatu kwenye gogo nyuma ya kanisa. Siku hiyo hakusinzia mtu.

Miaka tisa iliyopita lilifika somo la yule binti wa miaka kumi na miwili aliyekufa, Yesu akamwamuru ainuke. Amri hiyo Mama alimpa kitinda mimba wake, mwalimu wa chekechea, ambaye sauti yake ilifika mpaka benchi la mwisho. Alhamisi homa ikamshika. Ijumaa asubuhi akafariki. Tulimzika Jumamosi akiwa na gauni lake la ibada, na tuliporudi kutoka makaburini ndipo Mama alipokumbuka kwamba kipande kilikuwa mfukoni mwa gauni.

Kesho yake Mama alikuja kazini, macho yamevimba. Wasomaji walisoma mmoja mmoja, wakafika pale penye amri ile. Biblia tulikuwa nazo mikononi, na mstari wenyewe tuliujua. Hakuna aliyethubutu. Msomaji wa mwisho naye akashindwa kuendelea, somo likaishia hapo, binti akiwa bado amelala.

Somo hilo hurudi kila baada ya miaka mitatu. Limerudi mara mbili, na mara zote mbili limeishia palepale. Wapo walionung'unika kwamba tunaliacha Neno nusunusu. Mimi karani, ninayeandika haya, nilikuwa mmoja wao, na sasa naona aibu.

Leo ni zamu ya somo hilo tena. Juzi Mama alikuja ofisini kukabidhi funguo, akaomba mkasi, akakata upya kipande chenye amri ile kwa mkono wake na kukitia mfukoni. Hakusema kama atakisoma, nami sikumwuliza.

Asante, Mama, kwa kutufundisha kusikiliza. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu watundu wa kukuchosha. Nanyi waumini, somo likifika pale, tafadhali mtu asimsaidie. Akisoma, tutainuka. Asiposoma, tutangoja naye.