Nani Atalala Chini ya Bafta?

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kwenye kichochoro kinachotokea Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, ubavuni mwa duka la vitambaa la Ubeid. Ukikaa vibaya upande wa kushoto unamnyanyua wa kulia. Ikishapita alasiri, Adamu muuza kahawa analeta birika na jiko lake, anagonganisha vikombe, na wenyewe wanajitokeza mmoja mmoja. Hapo hakuna mtu asiyejua kitu. Ukiuliza njia ya kwenda Buguruni utapewa na historia ya Buguruni, na wa tatu atakueleza kwa nini usiende. Sasa siku hiyo wa kwanza kufika hakuwa mmoja wa wenye kijiwe. Alikuwa Rasha, binti Ubeid, mkoba begani, simu mkononi, na uso wa mtu aliyelala na tatizo akaamka nalo.

Tatizo lilikuwa hili. Rasha anasomea utengenezaji wa filamu, na kundi lao limepewa kazi ya kutengeneza trela ya filamu ya kutisha, dakika moja na nusu, basi. Muongozaji ni yeye. Alikuwa ameandika mpango wenye damu, radi, na mwanamke mwenye kucha ndefu, na mwalimu akausoma mpaka mwisho huku anapiga miayo. Akamwambia aende mtaani kwao akatafute kitu ambacho watu wanakiogopa kwelikweli, akilete kesho asubuhi. Akikosa, uongozaji anapewa Nirav, mwenzake wa kundi, ambaye mpango wake una zombi wa kujaza basi zima, na Rasha atabaki kushika taa. Kushika taa si aibu. Lakini kumshikia taa Nirav, ambaye tangu jana alishaanza kumwita msaidizi wangu, hilo lilimkaa kooni.

Wa kwanza kuketi alikuwa Isidori, dereva mstaafu wa malori. Kijiweni anaitwa Kitonga, maana hana hadithi isiyopita kwenye mlima huo wa njia ya Iringa. Akafuata Asad, kijana muuza chaja na makava ya simu, jina lake Chaji. Wa mwisho alikuwa Mzee Harilal, ambaye enzi zake alikata tiketi kwenye sinema moja ya mjini ambayo siku hizi ni stoo ya mabati. Yeye ni Balkoni, na ukimwita hivyo anafurahi.

Rasha akawaamkia wazee, akaitikiwa, akaeleza shida yake: anafanya utafiti kwa ajili ya trela ya kutisha.

Kitonga akaweka kikombe chini.

— Hapo umefika, mwanangu. Trela la kutisha nalijua mimi.

— Kweli, baba?

— Unashuka Kitonga, mvua inanyesha. Unatupia jicho kioo cha pembeni, unaona trela linakuovateki. Unajiuliza, huyu mwendawazimu ni nani? Unaangalia vizuri, trela lako mwenyewe.

Rasha akang'ata mdomo asicheke. Akaeleza taratibu kwamba yeye anazungumzia trela ya filamu, kile kipande kifupi kinachotangulia ili watu watamani kuiona filamu yenyewe. Kitonga akasema basi angesema tangu mwanzo, akaendelea kunywa kahawa yake kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa. Balkoni ndiye aliyekunja kipaji.

— Na filamu yenyewe inatoka lini?

— Haipo, babu. Ni zoezi la chuo. Trela tu.

— Haipo? Unatangaza kitu ambacho huna?

— Mshua, si ndiyo Kariakoo yenyewe hiyo, — Chaji akasema.

Hilo likakubalika bila ubishi. Rasha akaona mlango umefunguka, akauliza swali lake. Halikuwa gumu. Wao wenyewe wanaogopa nini?

Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu huwezi kuwauliza wanaume watatu waliokaa ubao mmoja wanaogopa nini. Kitonga hakuogopa kitu. Chaji hakuogopa kitu, na alikuwa tayari kumtaja mtu wa kuthibitisha. Balkoni alisema zamani aliogopa, akaacha. Adamu, aliyekuwa anapepea jiko, akasema anaogopa mvua, wote wakamcheka mpaka akajuta kufungua mdomo. Lakini kuwafundisha wengine cha kuogopa, hilo walikuwa tayari kulifanya mpaka usiku.

Chaji akaanza. Akasema kuna simu, asiitaje aina, chaji yake ni asilimia moja tu. Haipandi, haishuki, miaka nenda rudi. Kila anayeinunua anaichomeka, anangoja, haijai.

— Kumbe umeme haiutaki, — akasema, akashusha sauti. — Inachaji kutoka kwako. Wewe ndiyo soketi. Asubuhi unaamka una mvi.

— Mimi nina mvi na sina simu, — Balkoni akasema.

— Kwa hiyo uliwahi kuishika, mshua, ila hukumbuki.

Balkoni akaona huu ni uchokozi. Akasema mambo ya simu ni ya watoto, sinema ndiyo yenye kutisha. Kule alikokata tiketi palikuwa na kiti kimoja cha balkoni ambacho hakikuuzwa hata siku moja, kwa sababu kila akifungua mlango kabla ya onyesho, anakuta kimeshakaliwa. Mara ya kwanza kiti kilikuwa kimoja. Alipoulizwa swali, vikawa safu nzima. Alipomaliza kikombe cha pili, balkoni yote ilikuwa imejaa watu wasiokata tiketi, na chini vilevile, na mtu hai mle ndani alikuwa peke yake, na hata hilo la kuwa hai siku hizi hana uhakika nalo sana.

Kitonga, ambaye hakupenda trela lake liachwe njiani, akapata pa kuingilia. Akasema hao watu wa balkoni lazima wasafirishwe. Nani atawasafirisha? Trela, lisilo na kichwa, linajiendesha. Chaji akaongeza kwamba linapokaribia mjini, simu zote za Kariakoo zinaita kwa pamoja, na ukipokea unasikia sauti yako mwenyewe inakuuliza uko wapi. Balkoni akataka mwisho wake soko zima liingie ndani ya skrini. Wakapatana, wakapeana mikono, wakamwambia Rasha aandike.

Rasha hakuandika. Alikuwa na taa mbili za kuazima na kichochoro kimoja, na isitoshe alikuwa anawatazama nyuso. Walikuwa wanameremeta. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anatishika, walikuwa wanafurahi kuliko watu wa harusini. Kichwani akamwona Nirav akimwelekeza mahali pa kusimama na taa, na moyo ukamwuma kwelikweli.

— Basi nisaidieni kitu kimoja, — akasema. — Nina picha moja ya kufungulia. Mtu kalala, kafunikwa. Hasemi, hafanyi kitu. Nataka nijaribu hapahapa kwenye ubao, nione inakaaje kwenye kamera. Dakika moja tu. Nani atalala?

Akafungua mkoba, akatoa kitambaa. Bafta nyeupe, mpya, bado ina mikunjo ya dukani.

Kitonga akakohoa.

— Hiyo sanda umeitoa wapi?

— Si sanda, baba. Bafta tu, nimeikata kwenye jora la dukani. Kanzu zinashonwa hiyohiyo.

— Ikiwa kwenye jora ni bafta. Ikishapimwa kwa urefu wa mtu, ni jambo lingine.

— Mbona hata shuka ni urefu wa mtu?

— Shuka inapimwa kitanda, — Kitonga akasema, na aliona ameshinda.

Rasha akamwambia vizuri, kama urefu ndiyo tatizo, hebu asimame ampime, amkatie fupi. Kitonga, aliyekuwa amesimama kujinyoosha, akakaa. Mgongo ukaanza kumuuma papo hapo, mgongo wa safari za mbali, hauwezi kulalia ubao.

Zamu ya Chaji. Chaji hajaoa. Alilisema kwa heshima zote, kana kwamba ni barua ya daktari. Mtu hajaoa, hana mtoto wa kuliendeleza jina, anaanzaje kujichulia kifo? Uchuro huo, sista, hauchezewi. Akapendekeza wampe Mzee Balkoni, maana kwa ufahamu wake Wahindu wanachomwa, sanda haiwahusu.

— Nani kakwambia hatuvikwi nyeupe kwanza? — Balkoni akasema. — Na kwa umri wangu huu, huko juu wakichungulia wakaona nimeshajilaza mwenyewe, na nguo nimeshavaa, watasema huyu katurahisishia, mleteni.

Wote wakamgeukia Adamu. Adamu hakugeuka. Akasema yeye anauza kahawa. Akilala leo chini ya kile kitambaa, kesho ni nani atapokea kikombe mkononi mwake?

Kwa hiyo mashujaa wote wakachomoa. Wazo la maboksi lilitoka kwa Chaji, nadhani kwa kuwa alikuwa na hofu zamu itamrudia. Alikuwa na maboksi ya makava pale ukutani. Wakayapanga juu ya ubao, dogo upande wa kichwa, makubwa katikati, mawili membamba miguuni. Walikuwa wanacheka na kuelekezana. Kitonga akasema marehemu ana kitambi, apunguzwe. Balkoni akasema kichwa kielekee ukutani, sinema nzuri huanza na miguu. Rasha akashika pindo moja, Chaji pindo jingine, wakaitandaza bafta, ikashuka polepole, ikatulia juu ya yale maboksi.

Kicheko kikaisha hapo.

Hakuna aliyesema wanyamaze. Maboksi yalikuwa hayaonekani tena. Kilichobaki kwenye ubao ule, mahali walipokuwa wamekaa sasa hivi, alikuwa mtu. Kitonga akavua kofia. Balkoni akakiondoa kikombe chake kwenye ncha ya ubao, akarudi nyuma, akafunga mikono tumboni. Adamu, ambaye vikombe vyake havijawahi kunyamaza tangu aanze biashara, akaviweka chini. Wakajikuta wamesimama mstari mmoja, vichwa chini, na Rasha akainua simu, akaanza kurekodi.

Basi wakati huo akaingia kichochoroni Waridi, muuza viatu vya mitumba, anatoka soko la Mchikichini na kiroba chake. Kila jioni anapita pale, anawatania, anawaita wabunge wasio na posho. Alikuwa ameshafungua mdomo. Akaona wanaume wamesimama. Akaona ubao. Kiroba akakishusha bila kishindo, akavuta kanga ikafunika kichwa, akasogea, na sauti aliyotoa haikuwa ile ya kila siku.

— Poleni jamani. Ni nani?

Jibu lilikuwepo, tena rahisi. Ni maboksi. Mtoto wa chekechea angejibu. Lakini Kitonga alinyanyua macho akawatazama wenzake mmoja baada ya mwingine, kama anayehakikisha wapo wote, kisha akashika kifua chake mwenyewe. Chaji alikuwa ameganda. Rasha alikuwa na neno hilo mdomoni, angeweza kulitoa, ila alikuwa ameona kwenye kioo cha simu yale aliyokuja kuyatafuta: nyuso nne za watu wazima zimeshikwa na woga, na hakuna damu, hakuna radi, hakuna zombi. Akaminya midomo.

Waridi akauliza tena, kwa upole zaidi.

— Ni nani, mzee wangu?

Alimwuliza Balkoni, kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Na Balkoni, Mungu ambariki, alikuwa bado yuko kwenye ule ubishi wa nani atalala. Alitaka kusema kwamba bado hawajampata mtu. Sentensi ikamkatikia mwanzoni.

— Bado, mama.

Waridi akamtazama. Akautazama ubao. Akawatazama wote wanne, taratibu, mmoja mmoja, naye akaonekana anachagua. Kisha akabeba kiroba chake kifuani, hakukirudisha hata kichwani, akatoka kinyumenyume mpaka akafika barabarani.

Baada yake hakubaki mtu. Kitonga alikumbuka kuna mahali anangojwa. Balkoni alikwenda zake huku anarudia kwamba hakumaanisha hivyo, hakumaanisha hivyo hata kidogo, akimwambia nani, haikujulikana. Adamu alibeba jiko lenye moto na birika lililojaa, akaenda kuuzia mtaa wa pili, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Rasha akabaki peke yake. Akaisikiliza ile rekodi. Sauti ya mwanamke, ni nani? Kimya. Ni nani, mzee wangu? Kimya kingine, kirefu. Bado, mama. Vinyweleo vya mikononi vikamsimama, akacheka peke yake kwa furaha, kwa sababu alijua kwamba kesho mwalimu hatapiga miayo na taa atashika Nirav.

Kutoka ng'ambo ya barabara Chaji akaita, ameweka mikono mdomoni.

— Sista, na maboksi yangu?

— Njoo uyachukue.

Chaji akafikiri.

— Baki nayo tu.

Akapotea kwenye watu. Rasha akaigeukia bafta. Yalikuwa maboksi, yalipangwa mbele ya macho yake mwenyewe, na kichwani lilikuwa lile dogo la makava ya bei rahisi. Akasogea hatua moja, akangoja kidogo. Akashika pindo kwa vidole viwili, akasema bismillahi, akalifunua huku amefumba jicho moja.